Nguo Nyeusi ku Ukuta

Jirani yangu anabebaka vyuma vya reli nyuma ya nyumba kila asubuhi, ajenge misuli. Anavishusha pole, anaanza tena. Leo foto ya mwili wake ilipaswa kwenda Lubumbashi, bamuchague kwa mashindano ya misuli. Mupiga-foto akakuja, akamusimamisha mbele ya ukuta ya matofali, akamucheka: "Kaka, matofali inakula mabega yako, haionekane ku foto! Leta nguo nyeusi, tuitungike nyuma yako." Iko moja tu, ya matanga, ku mulango wangu tangu muke wangu alikufa. Jirani akatikisa kichwa: "Hapana, Papa." Nikaitungika mimi mwenyewe ku ukuta. Akajaza kifua, akasimama sawa nguzo. Mupiga-foto akapiga mara moja tu, akaangalia foto: "Iko bien, inatosha, tumalize." Jirani akabakia pale pale, jasho inamutoka. "Papa ametoa nguo ya matanga ya muke wake," akasema. "Piga tena."