Malaika wa Shaba na Mchanga wa Mtoni

Malaika yule nilimfinyanga kwa mikono yangu, kwa nta ya nyuki iliyotoka Kivaa. Mwenye hoteli mmoja wa mjini alikuwa ametuletea picha iliyochanwa kwenye kalenda: mtoto mnono mwenye mabawa na nywele za mawimbi, amesimama kwa mguu mmoja juu ya chemchemi huko Italia. Alitaka wake wa shaba, na aonekane ana miaka mia tano. Kwa kuwa mtoto alikuwa uchi, mama mkwe kila akipita karakanani alimfunika kwa leso, nami nilimfunua tuendelee na kazi. Vidole vyake peke yake vilinihangaisha wiki nzima.

Kumimina shaba ilikuwa kazi ya mume wangu na ndugu yake. Sanamu ya nta hupakwa udongo na samadi, ikachomwa mpaka nta itoke yote, ndani pakabaki uwazi wenye umbo la malaika. Ganda hilo hufukiwa shimoni kwa mchanga, mdomo ukiwa juu, ndipo shaba iliyoyeyuka imiminwe. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Maji kidogo tu yakikutana na shaba ile hugeuka mvuke ghafla, na shaba huwarukia usoni wanaoimimina. Mume wangu alikuwa amenieleza hayo hadi nikachoka kumsikiliza.

Siku hiyo ya Julai mchanga wetu ulioanikwa haukutosha. Nikachukua punda, nikateremka mtoni, nikajaza magunia mawili pale ulipokuwa mweupe. Mimi! Mimi niliyekua nikichimba maji katika mchanga wa mto huohuo kila kiangazi, nikijua vizuri kwamba juu ni vumbi na chini ni kisima. Nilipokuwa nikiushindilia shimoni, vidole vyangu vilisikia ubaridi. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi. Tulikuwa tumechelewa, na mume wangu alikuwa na ulimi mkali.

Moto uliwaka hadi saa sita mchana. Mume wangu na shemeji walitupa mifereji mibovu na vitasa vya shaba kwenye chungu cha kuyeyushia, huku wakitaniana. Mimi nilienda msalani mara tatu. Kila nilipofungua kinywa niseme, niliwaza mume wangu atakavyonikaripia mbele ya shemeji, nikakifunga.

Karakana yetu ilikuwa na mwiko mmoja: chungu kikishainuliwa, haongei mtu ila anayeshika koleo upande wa mbele. Wakakiinua. Mume wangu alikuwa amevaa akala, zile ndara za matairi, na vidole vyake vilichungulia nje, vimejaa vumbi. Niliviangalia vidole vile, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Mdomo wa chungu ulikuwa tayari umeanza kuinama.

"Kiw'u!" nikapiga yowe kwa Kikamba. "Kiw'u! Iko maji! Msimwage!"

Wakasimama hapohapo. Mume wangu hakunitazama. Akamwambia ndugu yake kwa sauti ya chini, "Rudi nyuma. Polepole. Weka chini."

Shaba ikaganda chunguni, kazi ya siku nzima ikaharibika. Mume wangu akachimba kando ya ganda, akachota mchanga na kuufumbata. Ukashikana kiganjani kama tonge la ugali. Akaketi chini, na shemeji akatoka nje kutapika.

"Wewe umejua aje?" mume wangu akaniuliza.

"Niliona mvuke kidogo inatoka hapo kando."

Malaika tulimmimina baadaye, kwa mchanga ulioanikwa wiki mbili, na alisimama kwa miaka kwenye bustani ya ile hoteli. Mume wangu bado huwasimulia wageni. "Huyu mama ako na macho," huwaambia. "Aliona mvuke sisi wawili hatukuona." Wageni hunisifu, nami huinama nimimine chai.

Hapakuwa na mvuke. Nilijua tangu asubuhi.