Kuku wa Wifi na Chakula cha Kambini

Majirani zangu wa Kamunyonge, hapa Musoma, bado wananiuliza kilichonitoa kwenye nyumba ya bati zima nikaenda kulala kwenye hema na watoto. Nawaambia muulizeni mume wangu. Wazo lilikuwa lake. La kwangu lilikuwa kukataa, na nilikataa kwa sauti ambayo hata wao waliisikia, wasijifanye hawajui.

Chanzo ni binti yetu mkubwa. Ana sukari, na siyo ile ya watu wazima. Yake ilimpata akiwa bado msingi. Alikuwa anakunywa maji ndoo nzima, anakonda, anakojoa kitandani msichana mkubwa vile, mpaka siku alipoanguka tukamkimbiza hospitali. Tangu siku hiyo anachoma sindano kabla ya kula. Akila bila sindano, sukari inapanda. Akichoma sindano halafu asile, inashuka, na hii ya kushuka ndiyo mbaya zaidi: anatoka jasho, anatetemeka, na asipowahiwa kitu kitamu anaweza kupoteza fahamu. Mimi mama yake nimeishi na hesabu hiyo kichwani kila siku inayokucha. Kila sahani aliyokula nyumbani kwangu niliipakua mwenyewe.

Sasa akachaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, mbali. Yeye akarukaruka uani kama mtoto mdogo. Mimi nikasema haendi. Kuna shule ya kutwa hapa hapa, atasoma na kurudi kula kwangu.

"Utamfunga kamba mpaka lini?" mume wangu akauliza.

"Mpaka nichoke. Na sijachoka."

Ndipo akaja na habari ya kambi. Ana rafiki anayepeleka wageni mbugani, angetuazima mahema. Twende tukalale nje kidogo ya Bunda, upande wa hifadhi, pale panaporuhusiwa kupiga kambi. Hakuna friji, hakuna jiko letu, hakuna nesi wa jirani. Akiweza huko, na bwenini ataweza. Binti akaitikia haraka kabla sijafungua mdomo. Nikasema sawa, lakini na mimi nina sharti langu: sukari ikishuka hata mara moja, bweni basi, na nisisikie mtu analia. Wakakubali wote wawili. Moyoni nilijua nimeshinda, maana huyu mtoto hata kwangu, na macho yangu yote haya, hushukaga.

Lakini mimi siyo mtu wa kushinda kwa hila. Nikaipanga ile safari kama naenda kulisha harusi. Nilianza na unga. Ugali wetu sisi ni wa muhogo, na muhogo mtupu unampandisha sukari haraka, kwa hiyo nikasagisha mtama mwingi muhogo kidogo. Uji nikachukua ulezi, usiotiwa sukari. Samaki wabichi wasingefika salama, nikaenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nikachagua sato wa kukaushwa kwa moshi na dagaa waliokauka vizuri, wale ukiwashika wanavunjika, siyo wale wenye mchanga. Kunde nikazichemsha nusu ili zisimalize kuni za kambini. Mchicha ungenyauka, nikabeba karoti, matango na nyanya ngumungumu. Kwa kutafuna katikati ya mchana: karanga za maganda, mayai ya kuchemsha, ndizi ndogo na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Soda na biskuti vikabaki dukani. Wadogo zake wawili wa kiume waliomboleza kama wamefiwa.

"Sasa huko tutakuwa tunakula nini?" mmoja akauliza, amesimama mbele ya chakula chote hicho!

Juisi za boksi nilibeba, ila hizo niliwaambia ni dawa ya dada yenu, atakayezigusa atarudi Musoma kwa miguu. Nikafunga na bakuli lake la bluu, lile linalopima ugali wake: likijaa usawa wa ukingo ndiyo kipimo chake, usizidi. Halafu dawa yenyewe. Insulini haitaki joto, na kliniki walitufundisha namna ya kuitunza pasipo friji: chungu kidogo ndani ya chungu kingine, katikati unajaza mchanga, mchanga unaumwagia maji, juu unafunika kitambaa kibichi. Humo ndani mnakuwa na baridi mwaka mzima. Kile chungu nilikipakata mapajani toka nyumbani, sikumwachia mtu.

Tulitoka asubuhi kwa gari la mume wangu, maboksi yamejaa nyuma. Tulipokaribia njia ya kwenda Butiama akakohoa. Nikajua.

"Tupite tu kwa dada tumsalimie," akasema. "Hatukai."

Nani kakudanganya kwamba kwa wifi yangu kuna kupita tu? Huyo ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, na mtu akipita barabarani bila kuingia kwake, habari inafika kwa ukoo wote kabla gari halijafika Kiabakari. Lakini ilikuwa inakaribia saa ya binti kula, nikapiga hesabu: heri ale hapo chakula cha moto, sisi tuendelee. Nikampigia simu.

"Chakula tayari," wifi akasema. "Mnachelewa nyie tu."

Tukafika, tukapokewa kwa vigelegele, tukawekewa viti uani. Jiko la nje linafuka moshi, sufuria iko juu, mfuniko unacheza. Nikauliza tena, maana mimi na kuuliza hatuachani: "Wifi, chakula tayari kweli?"

"Tayari! Nimeshakwambia tayari!"

Binti akaniangalia. Nikamtikisia kichwa. Akachukua vitu vyake, akaingia ndani, akachoma sindano, akatoka akakaa. Na wakati huohuo wifi akatokea nyuma ya nyumba, uso unang'aa kwa furaha, ameshika miguu ya kuku jike mwekundu, mzima, anapiga mbawa.

"Kuku wenu huyu hapa!"

Jamani! Roho ikaniruka. Mimi nimeolewa ukoo huu miaka na miaka, na ninajua kwamba kuku wa mgeni hachinjwi mpaka mgeni amwone kwa macho yake. Ukimkuta ameshapikwa, unajuaje hakuwa mgonjwa? Unajuaje hakuwa kiporo cha wageni wa jana? Kwa wifi yangu, chakula kuwa tayari maana yake kuku yupo, moto upo na moyo upo. Kilichokuwa tayari mle jikoni ni maji ya moto.

Na chakula changu chote kiko kwenye gari, hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Lakini kufungua chakula chako uani kwa mtu, mwenye nyumba akiwa ameshika kuku wake, unajua unamwambia nini? Unamwambia nyumba yake ina njaa. Unamwambia kwake hakuliki. Watu wameacha kuzikana kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikamtazama mume wangu, yeye akatazama viatu vyake. Nikaanza kutafuta uongo: niseme nimesahau dawa garini, nimwite binti anifuate, ale amejificha huko. Nikaona hapana, wale wadogo zake watatufuata mbio na kupiga kelele. Niseme anaumwa tumbo? Nikawa nageuza maneno mdomoni, na muda unakwenda.

Kuku akaponyoka. Nusura nicheke na mimi, maana mume wangu na kitambi chake alimkimbiza mpaka kwenye mihogo, watoto nyuma yake, wifi anatoa maelekezo kama kocha. "Mzibie huko! Huko, siyo huko!" Uwanja mzima kicheko. Nikageuka kumtazama binti, nikaona jasho juu ya mdomo wake.

Nilinyanyuka. Lakini yeye alikuwa ameshanyanyuka.

Alijipima kwanza, akasimama palepale mbele za watu na kile kifaa chake kidogo, akasoma namba. Hakuniita. Akaenda garini, akafungua nyuma wazi kabisa, akatoa boksi la juisi akainywa yote, kisha akachukua bakuli lake la bluu akaweka viazi vitamu na yai. Akarudi nalo uani. Akakaa chini kwenye mkeka, miguuni pa shangazi yake, akaanza kula. Wale waliokuwa kwenye mihogo wakasimama. Hata kuku nadhani alisimama.

Wifi hakumsemesha yeye. Aligeukia kwangu.

"Mmekuja kwangu na chakula chenu?"

Nikafungua mdomo nitoe ule uongo wa tumbo, binti akaniwahi.

"Shangazi, samahani," binti akasema, sauti inatetemeka lakini inasikika. "Nikishachoma sindano lazima nile, mwili wangu haujui kusubiri. Sukari imeshashuka. Kuku wako nitamla, ila sasa hivi ningeanguka hapa kwako, halafu wangesema nini?"

Wifi alimwangalia usoni. Akamwangalia mkono, ule wenye alama za sindano. Halafu akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mkono kwenye bakuli akachukua kiazi, akakila na maganda yake.

"Hivi umevinunua Musoma?" akaniuliza. "Havina utamu."

Wanaomjua wifi yangu wanajua kwamba pale alikuwa amesamehe. Kuku alipokamatwa, wifi alikataa katakata kumchinja kwa haraka. Akamfunga miguu, akamweka garini mwenyewe juu ya karoti zangu. "Mtamla huko huko kwa wanyama wenu. Na mtoto akiniletea habari kwamba hajala, nitakuja." Akamshika binti kichwani, akasema kwa lugha ya kwao maneno ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria, macho yake yamelowa.

Tukaishika tena barabara ya Bunda. Kuku tu ndiye alikuwa analalamika nyuma. Tulipofika Kiabakari binti akasema, anaangalia dirishani:

"Mama, nimeshuka. Umeshinda."

Hakulia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya. Mume wangu akashika usukani kwa mikono miwili. Sharti lilikuwa sharti na yeye alilikubali. Na mimi niliyekuwa nimeusubiri ushindi huo tangu siku matokeo yalipotoka, sikuufurahia. Nilikuwa na hasira, tena kali, na sikuwa na wa kumtupia. Watu wazima watatu tulikuwa pale uani. Chakula kilikuwepo, nilikipanga mimi, kiazi kwa kiazi. Na nilikaa kwenye kiti nikitunga uongo kwa sababu ya kumwogopa wifi. Aliyefungua gari ni mgonjwa mwenyewe.

Kambini tulikula vizuri, nisiwe mnafiki. Jioni ya kwanza nilisonga ugali wa mtama, sato akachemshwa na nyanya, na nilipochukua bakuli la bluu nimpakulie, mkono ukasita. Nikampa bakuli na mwiko. Akajipakulia, akasawazisha ukingo kwa mgongo wa kijiko, akaugeuzia kwenye sahani yake, akaisogeza ndani ya duara letu. Kabla ya kuchoma sindano alikuja akafunua sufuria mwenyewe, akaona ugali kwa macho yake, ndipo akachoma. Alifanya hivyo kila mlo. Alikuwa ameshajifunza kwamba neno "tayari" haliliwi. Wadogo zake walimaliza karanga zote siku ya kwanza na kuniuliza kama zipo nyingine. Kuku wa wifi alilala amefungwa kwenye kigingi cha hema, akala mtama wangu wa akiba, na siku iliyofuata mume wangu akamchinja mbele yetu wote, wageni tukamwona kwanza, kama inavyotakiwa. Sukari ya binti haikushuka tena. Na yeye hakulitaja bweni hata mara moja.

Siku ya kurudi tulipita Bunda mjini. Mahali ambapo mafundi bati wanapanga kazi zao kando ya barabara nikamwambia mume wangu asimame.

"Unataka ndoo?" akauliza.

"Simama, wewe mwanaume."

Nikashuka na chungu changu mkononi. Binti akashuka nyuma yangu, anadhani nimeona birika. Nikapita mabirika, nikapita majiko, nikasimama kwenye matranka, yale ya bati wanayobeba watoto wa bweni. Nikafungua la kwanza, nikaweka chungu ndani. Kifuniko hakikufunga. Nikafungua la pili, jembamba, nikaona hata sihitaji kujaribu. La tatu lilikuwa la bluu, refu kwenda juu. Binti alikuwa ameacha kupumua, nilimsikia. Nikaweka chungu pembeni, kikakaa wima, na nafasi ya madaftari na shuka ikabaki. Nikashusha kifuniko taratibu.

Kilifunga.

"Hili," nikamwambia fundi, na sikuweza kusema zaidi, nikafunika uso na kanga yangu palepale barabarani, nikalia.