Hatua Tano Mpaka Kwenye Mtungi

Mwanangu wa mwisho alipiga simu kutoka Geita. Mayu ndiyo mama kwetu Wasukuma, naye alikuwa anaivuta mpaka inaisha pumzi. "Mayuuu, nimeacha. Mwezi wa nne huu gongo sijaigusa. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja." Nikamwigiza hapohapo, "Mayuuu, nimeacha," akacheka mpaka akakohoa. Mimi naigiza kila mtu, lakini wa kucheka vile alikuwa yeye tu.

Geita alifuata dhahabu. Kule, alinisimulia mwenyewe, wanakunywa kabla ya kushuka shimoni ili wasiogope, wakipanda wanakunywa kwa kuwa wamepanda wazima. Gongo ikamla. Mashavu yakaingia ndani, mikono inatetemeka, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni. Mke akakimbia. Sasa kaacha, anarudi kwangu Kishapu.

Nami nikafanya nini? Nikaloweka mtama nitengeneze kimea. Mtoto akitoka mbali akute nyumba haina pombe, si atadhani kuna msiba?

Wifi yangu, yule anayeongelea puani, akaja kuchungulia. "Wiiifi, si umesema kaacha?"

"Kaacha gongo. Hii nayo ni pombe? Hii chakula."

Akaonja. Akaonja tena. Mara ya tatu akasema, "Wiiifi, mbona haijaiva?" Tukacheka sana siku ile.

Jumamosi akaja. Kanenepa! Shati limepigwa pasi. Akapiga goti, "Shikamoo, Mayu." Nikaitikia marahaba na kigelegele juu. Ndugu na majirani wamejaa uani. Nikachota kibuyu, nikaonja mimi kwanza kama mila inavyotaka, mgeni ajue hakuna ubaya ndani, halafu nikampa kwa mikono miwili.

Hakupokea. Alikiangalia kile kibuyu, akaniuliza taratibu, nisikie mimi tu, "Mayu, huna maji?"

Maji yalikuwepo. Mtungi umejaa, hatua tano kutoka pale nilipo. Lakini watu wanatuangalia, na mikono yangu imebaki hewani na kibuyu. Nikaona aibu. Nikaivuta sauti yake wasikie wote, "Mayuuu, huna majiii?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Naye akacheka. Akapokea, akanywa.

Jumatatu alikuwa kwa mpika gongo huko ng'ambo ya lambo. Alhamisi akarudi Geita, hata kuniaga hakuniaga. Simu yake haiiti tena. Mtu mmoja wa huku alimwona Kalangalala, hukohuko mjini Geita, kalala kibarazani kwa watu, viatu hana.

Siku hizi kila Jumamosi natengeneza togwa, ile tamu isiyolevya. Pombe sipiki tena. Na togwa nayo haina subira, ukiiacha siku mbili inaanza kutoa povu, inageuka ileile. Basi Jumapili nikitoka kanisani nawamwagia kuku. "Wiiifi, unatupa chakula!" Nasuuza mtungi wa maji, naujaza upya, nauweka karibu na mlango.

Sauti yake naiweza mpaka leo. Wajukuu wananiomba, "Bibi, tuigizie baba mdogo."

Nawaigizia mbuzi.