Meli Aliyoiunda Baba

Fundi akichomelea geti hapa Kerugoya, harufu ya chuma hunirudisha jikoni kwa mama, asubuhi redio ilipotangaza kwamba meli ya mafuta imeshika moto baharini. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Mombasa. Karakana yao ilikuwa imeunda meli ya mafuta, naye alikuwa ameenda nayo baharini kuijaribu.

"Mama, ni ile ya baba?"

"Nyamaza nisikie!" Lakini redio ilikuwa imeshaanza nyimbo.

Siku zilizofuata hakuna aliyemaliza chakula chake. Kisha baba akatokea kwenye njia ya shamba la majani chai, mzima, akishangaa tunalia nini. Iliyoungua ilikuwa meli nyingine.

Mama alimpiga ngumi kifuani, kisha akamuuliza kama amekula.