Mkono Alioninyima

Katika msiba wa mume wangu nilikaa chini kwenye mkeka, katika chumba chetu cha Berea, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, nikiangalia mikono ya watu. Nyuso zao sikuziweza. Mikono iliingia, ikanishika, ikatoka. Alasiri akaingia fundi cherehani, rafiki wa mume wangu wa miaka mingi, na nyuma yake mzee wa Kitanzania anayeuza mitumba. Kabla hawajafika kwangu, walimsalimu mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango, amejifunga kanga juu ya gauni. Sikumjua. Fundi alimpa mkono, kidole gumba kikabonyeza kifundo cha kidole chake cha kati, wakatulia hivyo kidogo, wakaachiana. Mzee naye akafanya vile vile.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Mkono ule sikuwahi kuupewa, lakini niliujua. Ndio nilioomba nikanyimwa.

Mume wangu alikuwa mlinzi kwenye mlango wa jengo la maofisi, katikati ya mji. Kazi ya mlinzi ni kukaa, naye alikaa akisoma kwenye simu habari za Marekani ya zamani. Ya sasa haikumhusu. Alipenda siku zile ilipokuwa bado koloni la Waingereza, watu wakikutana kwa siri katika vyumba vya nyuma vya vilabu vya pombe, wakipanga kutupa baharini chai iliyotozwa kodi ya mfalme. Zaidi ya yote alipenda chama cha siri cha waashi. Alinisimulia nikiosha vyombo, naye amesimama pale kizingitini kana kwamba bado yuko kazini. Waashi wa kwanza, wale wa mawe kweli, walikuwa na namna yao ya kupeana mkono, ili mtu akifika ugenini wamjue kama ni fundi au mwongo. Baadaye wakaingia mawakili na wafanyabiashara ambao hawajawahi kuinua jiwe, wakabaki na ule mkono na aproni. Rais wa kwanza wa Marekani alivaa aproni siku ya kuweka jiwe la msingi la bunge lao.

"Mtu mkubwa vile," alisema, "na aproni kama mama wa jikoni."

Alikuwa na noti moja kuukuu ya dola, yenye piramidi na jicho juu yake. Kanisani kwetu jicho lile lilikuwa shetani mwenyewe, na mke wa mchungaji alituambia kwamba kila anayelitunza nyumbani atatoa mtu wa kuliwa. Mume wangu alicheka. Alisema hata wenye kusoma wanabishana kama jicho lile ni la waashi au si lao. Yeye alipenda piramidi.

"Ona, mama. Hawakuimaliza. Juu waliacha wazi, makusudi. Nchi nzima imekubali kwamba haijamaliza."

Mwaka 2015 yeye, fundi na yule mzee wakaanzisha chama chao wenyewe. Walikutana Jumamosi mchana katika karakana ya fundi, ghorofani kwenye jengo la zamani mjini. Fundi alishona aproni kwa mabaki ya sare za shule. Ya mume wangu niliikuta kwenye nguo za kufua, nikaifua, nikaipiga pasi, nikamwambia anionyeshe huo mkono.

"Siwezi, mama. Niliapa."

"Uliapa kwa nani? Kwa fundi anayechelewesha nguo za watu mpaka harusi inapita?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Halafu wanawake hawaingii. Hata kule zamani hawakuingia."

Nilikubali. Sikupenda, lakini nilikubali, kwa sababu ukuta ule ulikuwa wa wanawake wote, na mtu anaweza kuishi kando ya ukuta bila kuona amefukuzwa. Kisha mwaka 2017, katika baridi ya Juni, moyo wake ukasimama asubuhi, akiwa kwenye kiti chake cha kazini. Na sasa mwanamke amekaa mlangoni pangu, na mkono ule anao.

Wanawake wa kanisa walinong'ona kwamba chama ndicho kilichomla. Wao waliogopa shetani. Mimi niliogopa kanga.

Matanga yalipokwisha, nikaenda mjini Jumamosi. Nilipanda ngazi za jengo lile kwa mara ya kwanza. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, kimegawanywa kwa pazia: upande huu cherehani, upande ule kiti cha msusi. Mwanamke wa kanga alikuwa amesimama pale, anamsuka mteja. Dirishani palikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimefunikwa kisahani.

"Hicho cha nani?" niliuliza, hata kabla ya salamu.

"Cha mumeo," alisema msusi. "Pole sana, dada. Nilijua utakuja. Siku ile ulinitazama kama nimekuibia kuku."

Nyumbani tulikuwa na vikombe vinne, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Alikunywa kilichokuwa karibu.

"Ulifikaje kwenye mambo yao?" nilimuuliza.

"Mie? Mie nilikuwa hapa hapa nasuka! Walikuja na Marekani yao, wakadhani pazia ni ukuta. Nikasikia kila kitu. Mteja naye akasikia, bahati yao hakujua Kiswahili. Siku moja wakasahau neno lao la siri, wanabishana wee, nikawatajia kutoka huku huku."

Fundi alitoa pini mdomoni. "Tungefanyaje, mama? Kumuua haikuwezekana, analipa nusu ya kodi."

"Wakaniapisha basi," alisema msusi. "Mumeo ndiye aliyesema niingizwe."

Hapo ndipo iliponichoma. Kumbe ukuta ulikuwa na mlango, na aliyeufungua ni yeye, akarudi nyumbani akaniambia hakuna mlango.

"Kwangu alisema wanawake hawaingii," nilisema.

Mzee wa mitumba, aliyekuwa kwenye benchi na kofia yake magotini, akasema polepole kwamba hawana ibada wala damu. Mtu akiingia husema jambo moja la kweli ambalo hajawahi kumwambia mtu yeyote. Wenzake wanalishika. Basi.

"Mume wangu alisema nini?"

"Hatusemi, binti yangu."

Nikamgeukia msusi. "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Niambie."

"Siwezi, dada'angu. Niliapa."

Maneno ya mume wangu yale yale, kutoka mdomo wa mwanamke mwingine. Nilimtazama nikimtafutia ubaya. Mikono yake ilikuwa mizuri, myepesi, inang'aa mafuta ya nywele. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, na sikuona dalili yoyote ya yale ambayo mke huyafikiria kwanza. Hilo halikunisaidia. Mambo yale ningejua jinsi ya kuyachukia.

Mzee akasema kiti cha marehemu kipo wazi, na nikitaka nikikalie. Nilijibu ndiyo papo hapo. Nilidhani nikishaingia ndani wataniambia. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Jumamosi iliyofuata nilileta aproni yake, nimeipiga pasi, nikajifunga. Fundi aliniapisha. Kisha wakangoja jambo langu. Nilikuwa nimefikiria niseme dogo, la kupita tu, lakini uongo haunikai mdomoni.

"Ninamwonea wivu huyu dada," nilisema. "Sijamlilia mume wangu vizuri mpaka leo. Kaburini, udongo ukiingia, nilikuwa namtazama yeye nione kama analia kunizidi. Na alilia kunizidi."

Msusi aliweka kitana chini, akalizunguka pazia, akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa na mafuta, cha moto kwa kazi. Namna ya mkono ule nimeieleza hapo juu kama nilivyoiona kabla sijaapa. Kilichobaki sikielezi.

"Sasa nimeingia," nilisema. "Niambieni lake."

Mzee alitikisa kichwa. "Yaliyosemwa kabla ya mtu kuingia, hapewi. Sheria hiyo aliiweka mumeo mwenyewe."

"Isipokuwa aliyekuwa nyuma ya pazia," nilisema.

"Eh," alisema msusi, taratibu. "Isipokuwa mimi. Nisamehe, dada."

Sikumsamehe siku ile. Nilirudi Berea kwa miguu, aproni chini ya koti, nikalia njia nzima. Kwenye robot moja, taa za kuongozea magari, mama muuza machungwa aliniita nikae kwenye kreti lake, nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kulia bila kumtazama mtu mwingine.

Niliendelea kwenda. Sasa ni 2019, na bado nakwenda. Kanisani wameshajua, na mke wa mchungaji hunipa ncha za vidole tu. Wale watatu wanashika jambo langu ambalo mume wangu hakulijua. Nimeliandika hapa kwa sababu ni langu. Kikombe cha bluu kiko dirishani. Msusi alitaka nikichukue nyumbani, nikakataa. Nikikichukua kitakuwa cha tano, na mtu yeyote atakinywea.

Alichosema mume wangu bado sikijui. Msusi anakijua. Kila Jumamosi ananipa mkono, na kila mara, kabla ya kuachia, nangoja kidogo, labda ataniambia. Haniambii. Angeniambia ningemdharau, na bado nangoja.