Fundi Shabani na bomba lake la kupumulia: safari yetu ya lori, Bunda hadi Bukima

Salamu wakuu, mlioko kazini na mlioko vijiweni. Ninachoandika hapa sikusimuliwa. Nilikuwepo, na mikono yangu iligusa.

Kuna mdau humu ameuliza kuhusu shangazi yake. Alipandikizwa mapafu nje ya nchi, sasa pale yalipoungwa njia ya hewa inasinyaa, madaktari wanaitanua na kuisafisha kila mara. Mdau anaogopa siku shangazi atakaporudi nyumbani.

Mimi si daktari, shule niliiacha darasa la sita. Ila swali lake limenirudisha mbali.

Enzi hizo ulikuwa unaingia dukani unakuta rafu tupu na muuzaji anafukuza nzi. Baadaye serikali ikaruhusu watu binafsi kuleta bidhaa, mitumba ikaanza kuonekana. Mimi nilikuwaga wa kuzunguka tu. Leo Musoma, kesho Butiama, keshokutwa sijui.

Asubuhi moja niliamka Bunda nikajikuta natembea. Sikuwa na mpango wowote. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na ndani yake likatokea lori tupu linaelekea upande wa ziwa kubeba pamba.

Nikapanda.

Nyuma kulikuwa na akina mama wawili na mwanamume wa makamo mwenye kofia, ameikumbatia cherehani. Shingoni alifunga kitambaa cheupe kilicholowa. Kila akivuta pumzi ilisikika filimbi nyembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Niliisikiliza mpaka nikadhani ni lori. Halafu nikadhani ni mimi mwenyewe.

Mama mmoja akampa mkono wa salamu. Yeye akatoa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekatizwa akila.

"Baba unaringa! Umekula saa ngapi?"

Akacheka bila sauti. Akainua kitambaa, akaweka kidole shingoni, ndipo maneno yakatoka, ya kukwaruza. "Siringi, mama. Kidole hiki ndiyo sauti yangu. Nikikichafua, uchafu unaingia kifuani."

Alikuwa Fundi Shabani, mshonaji wa Bunda. Alinisimulia kwa vipande vipande maana kuongea kulimchosha. Alipata ajali, akalazwa Mwanza bila fahamu, na mpira wa kupumulia ukakaa kooni muda mrefu. Alipopona, pale mpira ulipokaa njia ya hewa ikasinyaa. Wakamtoboa chini ya koo na kumwekea bomba la chuma, bomba ndani ya bomba. La ndani unalichomoa na kuliosha, la nje linabaki.

Siku hizi nasoma mtandaoni, tundu hilo wanaliita tracheostomy. Yeye aliliita "pua yangu ya pili", akalalamika kwamba pua hiyo haijui kulowanisha hewa. Ndiyo maana ya kile kitambaa.

Na Bunda, wakuu, ni vumbi na manyoya ya pamba kutoka kiwandani. Bomba lilikuwa linaziba mara kwa mara. Ndiyo maana alikuwa anahamia Bukima, kwenye hewa ya ziwa, atafute chumba ashone huko.

Lori likashika kasi. Pamba iliyobaki sakafuni ikainuka, nyeupe, jua linapita katikati. Ilipendeza. Tulikuwa kama tumekaa ndani ya wingu.

Halafu filimbi ikanyamaza.

Fundi macho yamemtoka. Hakuna kelele, hakuna kikohozi, anaonyesha shingo tu. Akajaribu kuzungusha kifungo kinachoshika bomba la ndani, kikamshinda.

Akina mama wakapiga paa la kebini, lori likasimama. Alikuwa na chupa ya maji ya chumvi yaliyochemshwa. Nikanawa nayo, nikazungusha kifungo kama alivyonionyesha kwa ishara, nikachomoa bomba la ndani.

Limejaa makohozi yaliyoshikana na pamba.

Akakohoa. Hewa ikaingia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Alipotulia akafunga kipande cha kitambaa safi kwenye uzi, akakipitisha ndani ya bomba na kukivuta, kama mtu anayetia kamba kwenye kiuno cha kaptula. Akasuuza, akalirudisha. "Una mkono mwepesi, mdogo wangu."

Yule mama alikuwa analia. "Na mimi nikasema anaringa!" Akalowesha khanga yake, akamtandia juu kama chandarua mpaka tulipofika.

Bukima ilikuwa mchana mweupe, huoni ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Tukaelekezwa kwa Mama Nyangeta, mjane anayekausha samaki kwa moshi, mwenye chumba cha kupangisha.

"Hiyo inayolia ni kifua kikuu?"

"Hapana, mama." Fundi akamweleza yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Chumba kipo. Moshi wa samaki nitausogeza upande mwingine. Ila usiku likiziba, utaniitaje?"

Fundi akainua kidole, akakishusha. Likiziba, hata kidole hakitoi sauti. Bila chumba ni kurudi kwenye pamba, na wote tulijua pamba inafanya nini.

Dereva akapiga honi. "Wewe mzururaji, twende, au umeoa huko?"

Nikajikuta nasema, "Nitalala chumba kimoja naye mimi. Usingizi wangu mwepesi."

"Kwani wewe unakaa wapi?" Mama akauliza.

"Popote."

"Basi popote ni hapa. Kachukue mkeka mwingine kwa jirani."

Lori likaondoka. Mimi nikaenda kuchukua mkeka.

Nilichojifunza, mdau mwenye shangazi: njia ya hewa ikiziba haipigi kelele. Vifaa na dawa, fuata maagizo ya madaktari wake. Ila atakayelala naye chumba kimoja mtafute sasa, madaktari wamfundishe, aizoee pumzi ya shangazi ikiwa nzima ili ajue ikibadilika.

Mliowahi kulala karibu na mgonjwa wa namna hii, masikio yenu yalikuwa yanatafuta nini? Semeni hapa, mwenzetu anasoma.