Mama Alivuka Kuja Kunichukua

Chuo cha ualimu nilisomeshwa na mfuko mmoja uliokuwa ukitafuta vijana wa kufundisha fizikia na hisabati. Masomo hayo nilikuwa nimefaulu, na nyumbani kwetu Buhongwa, Mwanza, watoto tulikuwa wengi kuliko uwezo wa baba, kwa hiyo niliomba, nikapata. Sharti lilikuwa moja: nikihitimu, nifundishe miaka mitatu katika shule watakayonipangia wenyewe. Nikikimbia, gharama zote zitarudi nyumbani kwa mdhamini. Nilikuwa bado msichana mdogo, na miaka mitatu niliiona kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Mama hakulichukulia jambo hilo kirahisi. Alikuwa akiuza vitenge Mkuyuni, na mtu wa sokoni haamini kitu cha bure.

"Wakikupanga hapa mjini, sawa," alisema. "Wakikupeleka porini, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Baba, ambaye ndiye mdhamini, alicheka, akasaini, akauliza kama chakula kimeiva.

Walinipeleka porini. Sitaki kukionea kijiji kile, maana kilikuwa na shule, zahanati na kanisa la bati jipya. Lakini kilikuwa ng'ambo ya ghuba, mbele ya Sengerema. Ukishuka kwenye gari unapanda bodaboda, unapita mihogo, unapita pamba, unapita mihogo tena, halafu unaliona ziwa lile lile uliloliacha asubuhi. Kukiwa kweupe, niliviona vilima vya Mwanza kutoka uwanja wa shule. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Afadhali nisingeuona mji kabisa.

Mkuu wa shule alikuwa Mhaya, kichwa chote mvi, suruali imenyooshwa kwa pasi ya mkaa hadi ungeweza kukatia nyanya. Alinipokea kwa mikono miwili.

"Mwalimu wa fizikia! Umekuja kwa hiari au kwa mkataba?"

"Kwa mkataba, Mkuu."

"Vizuri sana. Wa hiari huwa wanaondoka mapema."

Kijiji nacho kilikuwa na uzoefu wake. Walikwisha kuwaona walimu waliofika na begi na kuondoka kabla begi halijafunguliwa, kwa hiyo kwangu walijipanga. Wiki ya kwanza kina mama walileta michembe ya viazi vitamu, wiki ya pili kuku, na baada ya hapo mwenyekiti wa kijiji akaja na mpwa wake. Kijana alikaa kwenye kigoda akiangalia vidole vya miguu yake huku mjomba akimnadi.

"Ana ng'ombe wengi, na hanywi pombe," alisema mwenyekiti.

"Anafanya kazi gani?" niliuliza.

"Si nimekwambia ana ng'ombe?"

Niliwashukuru, nikawapikia chai. Kijana alikunywa vikombe vitatu, na mwaka uliofuata akaoa muuguzi wa zahanati, aliyekuwa naye ametumwa kutoka mbali. Nadhani kijiji kilikuwa na mpango mmoja kwa watumishi wote.

Kufundisha kwenyewe nilikupenda, ingawa sikumwambia mtu. Shida ilikuwa mahudhurio. Mwezi ukiwa mpevu darasa linajaa, mwezi ukififia linabaki nusu. Nilijiona mgunduzi mpaka mkuu wa shule aliponieleza kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Kukiwa na mbalamwezi wavuvi wanapumzika. Usiku wa giza wanavua watu wazima, na asubuhi watoto wanaitwa ufukweni kuanika. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa wakinukia dagaa hata wakijibu swali la mwendokasi.

Kila Jumapili nilipanda jiwe lililokuwa nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee mtandao ulipokuwa ukishika, nikampigia Mama kumlalamikia. Nilimwambia maji yako mbali, umeme wa sola unakatika, mkuu wa shule anakula ndizi zake anazotumiwa kutoka Kagera wala hakaribishi. Nilisema mengi. Nyumba nzuri niliyopewa sikuitaja, wala kina mama waliokuwa wakinichotea maji. Mtu akipiga simu akiwa amesimama nyuma ya choo, habari njema hazimjii.

Katikati ya mwaka wa pili, Mama akatimiza ahadi. Alifika mapumziko ya saa nne, kwenye bodaboda, amevaa suti yake ya kitenge ya harusini, mbele yake amekumbatia begi kubwa. Begi lilikuwa tupu. Lilikuwa la kubebea vitu vyangu.

Wanafunzi uwanja mzima waliacha michezo, wakamkodolea macho. Mkuu wa shule akatoka ofisini. Mama alikuwa ameandaa maneno makali tangu kivukoni, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa amekaza midomo. Lakini alipoiona ile mvi, malezi yakamshinda.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mama. Karibu sana."

Maneno makali hayatoki vizuri baada ya shikamoo. Alijaribu. "Nimekuja kumchukua binti yangu," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Mkuu wa shule akamwambia hakuna shida, mzazi ana haki, ila safari ni ndefu, ale kwanza. Wakati wa kusubiri chakula wakaulizana habari za watoto na miaka ya kumaliza darasa la saba, na hapo ikabainika kwamba mzee wetu alikuwa mdogo kwa Mama. Mvi ilikuwa ya ukoo wao tu.

"Kwa hiyo umeipokea shikamoo yangu hivi hivi?" Mama aliuliza.

"Ulinipa, mama. Ningeikataaje zawadi?"

"Nirudishie."

"Shikamoo, dada," akasema mkuu wa shule, ameinamisha kichwa, na Mama akaitikia marahaba ndefu, ya kufidia. Baada ya hapo sikusikia tena habari ya kunichukua mpaka tukamaliza kula.

Chakula kilikuwa ugali na dagaa wabichi wa kukaanga. Mama alitafuna polepole, akauliza dagaa wametoka wapi. Nikampeleka ufukweni. Nilidhani naenda kumwonyesha mateso yangu. Yeye aliona mchanga wote umefunikwa fedha inayong'aa, akainama, akachota konzi moja ya dagaa, akawapuliza.

"Wanaanika chini?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mchanga wote huu? Halafu wanatuuzia Mkuyuni?" Akawageukia kina mama waliokuwa wakigeuza dagaa, akawasalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, wenzangu! Hamuwezi kutengeneza chanja mkaanika juu?"

Walimjibu, naye akajibu, wakahama kutoka Kiswahili kwenda Kisukuma, na mimi nikasahaulika. Jua lilipoanza kushuka, begi lililokuja tupu lilikuwa limejaa, lakini halikuwa na nguo yangu hata moja.

"Mama, na mimi?" niliuliza alipopanda bodaboda.

"Wewe si una mkataba?" alisema. "Mtu akiahidi, atimize."

Tangu hapo alikuja kila giza la mwezi. Kibanda cha Mkuyuni kikawa na vitenge upande mmoja na dagaa wa chanja upande wa pili, na wateja wa vitenge walilalamika harufu mpaka walipoonja. Kijijini alipewa jina, Mama Mwarimu, kwa ile r ya kwetu ambayo mimi mwenyewe nilihangaika miaka kuiacha. Miezi michache baadaye nilimsikia mtoto akimwelekeza mgeni nyumbani kwangu: "Pale kwa binti wa yule mama wa dagaa." Nilikuwa mwalimu pekee wa fizikia katika kata nzima!

Lakini lazima nimpe haki yake. Asubuhi moja alifika ufukweni akakuta mvulana wa darasa langu yuko kwenye chanja, saa ya kipindi changu. Akamuuliza mama yake kwa nini mtoto hayuko shuleni.

"Kazi ni nyingi, mama," yule mama akamjibu.

"Basi mzigo huu wauzie wengine. Sinunui dagaa walioanikwa na mwanafunzi wa mwanangu."

Habari ilienea ufukwe mzima kabla sijamaliza kipindi. Sijui kama Mama aliwahurumia watoto au alitaka tu dagaa wake wapangwe na watu wazima wenye mikono mitulivu. Nilipomuuliza alisema nisimchimbe. Ninachojua ni kwamba giza lililofuata darasa langu halikupungua sana, na mkuu wa shule, ambaye alikuwa amewaandikia wazazi barua kila muhula bila mafanikio, alimtumia Mama mkungu wa ndizi za Kagera. Mimi nilikuwa sijawahi kuonja.

Miaka mitatu ilipotimia mfuko ulinitumia ujumbe wa kunishukuru na kuniambia niko huru. Nilivuka Jumamosi ile ile, nikaingia nyumbani Buhongwa nikitangaza kwamba nimeomba uhamisho. Baba alinipongeza. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Unahama," alisema. "Na mimi nikienda nafikia kwa nani?"

"Mama, wewe ndiye uliyekuja kunichukua!"

"Nilikuja. Sasa nimebadili mawazo. Kuna sheria inakataza?"

Tulibishana mpaka wali ukaiva. Mwishowe nilikubali kubaki hadi kidato cha nne wafanye mtihani, kwa sababu niliwapokea wakiwa kidato cha kwanza na nisingeweza kuwaachia mgeni katikati ya umeme na sumaku. Mama huwaeleza watu kwamba ni yeye aliyenishawishi. Simkatazi.

Mtihani ulipokwisha nilihama. Siku ya kuondoka wanafunzi walinibebea vitu hadi barabarani, mkuu wa shule akatoa hotuba ndefu kama Mhaya hasa, yenye maneno ya Kiingereza ambayo hata yeye ilimbidi ayaeleze, na mimi nililia kuliko nilivyotarajia. Nililia mpaka Sengerema. Dereva aliniuliza kama nimefiwa.

Sasa nafundisha hapa mjini, darasa lina watoto wengi mno na mtandao unashika kila mahali. Mama bado anavuka, na anafikia kwa mkuu wa shule na mkewe. Akirudi namuuliza wanafunzi wangu wako wapi, nani kaendelea kidato cha tano, nani kaolewa. Yeye ananijibu kuhusu dagaa kwanza, kwa kirefu, kisha kuhusu watoto. Nimejifunza kumwacha amalize.